Redio katika Kambi za Chai, 1959–1969: Tulichosikia na Tusichosikia



Ndugu msomaji, kila ikifika tarehe 29 Shaabani, nyumbani kwetu Kericho kulikuwa na kazi moja ambayo hakuna mjukuu aliruhusiwa kuigusa. Babu alikuwa akiitoa redio yake kabatini, anaipangusa vumbi kwa kipande cha kanga, anatoa mawe yake na kuyaanika juani tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo. Baada ya Magharibi anaketi nayo mlangoni kungoja tangazo la Kadhi Mkuu. Sisi wajukuu tulikuwa na simu, na habari za mwezi zilikuwa zimeshatufikia mara tatu, na mara zote tatu zinapingana. Babu hakutaka hata kuzisikia. "Ngojeni redio iseme," alikuwa akituambia.

Babu ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Redio yake iko pale pale kabatini. Mimi nasoma historia chuo kikuu, na siku moja nikajiuliza: huyu mzee, aliyetoka upande wa Mumias mwaka 1961 akiwa kijana wa miaka kumi na minane kuja kuchuma chai, alifundishwa na nani kuiamini redio kiasi hiki? Nikaanza kusoma, na nikakumbuka mengi aliyotuhadithia jioni tukingoja futari. Makala haya ni matunda ya kazi hiyo. Nimeshika zaidi ule muongo wa 1959 hadi 1969, manake ndio muongo ambao nchi yetu ilibadilika kutoka koloni kuwa taifa, na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet yakaisikia Kenya kwa mara ya kwanza ikiongea.

JINA LILILOTOKA REDIONI

Tuanze na jambo ambalo vijana wengi wa huku kwetu hawalijui. Majirani zetu Wakipsigis, pamoja na Wanandi, Watugen, Wakeiyo na wengineo, leo tunawaita kwa jina moja: Wakalenjin. Ukimuuliza mtu atafikiri jina hili ni la tangu enzi za mababu. Kumbe sivyo! Lina umri mdogo kuliko baadhi ya wazee wetu, na redio ina mkono wake ndani yake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kutangaza katika lugha za Waafrika, ili familia za askari waliokuwa Burma na kwingineko zipate habari. Mtangazaji mmoja aliyeitwa John Chemallan alikuwa akitumia katika matangazo yake neno lenye maana ya "nawaambia". Watu wa makabila mbalimbali wakamsikiliza na wakagundua kuwa wote wanamwelewa. Wakati huo huo wanafunzi kumi na wanne wa shule ya Alliance, mmoja wao akiwa Taita arap Towett wa Kericho, walijikusanya na kujiita kwa neno hilo. Mwaka 1948 ukaundwa umoja wa Wakalenjin mjini Eldoret, na jina likashika.

Tafakari hilo kidogo, ndugu msomaji. Watu waliokuwa wakijitambua kwa koo na kabila ndogo ndogo walipata jina moja kwa sababu walisikiliza sauti moja. Hiyo ndiyo nguvu ya chombo tunachokizungumzia.

SAUTI ZA WAKUBWA

Redio yenyewe iliingia Kenya mwaka 1928, na haikuja kwa ajili yetu. Ilitangaza kwa Kiingereza, ikiwahudumia walowezi waliotaka habari za kwao. Mwafrika alikumbukwa vita vilipoanza, na akakumbukwa tena wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, serikali ilipotaka kumwambia asiwaunge mkono Mau Mau.

Lakini hewa haina mlango. Mwezi wa Julai 1954 Redio Cairo, chini ya serikali ya Gamal Abdel Nasser, ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwashambulia wakoloni waziwazi. Miongoni mwa sauti zilizosikika kutoka Misri ilikuwa ya Mzanzibari Ahmed Rashad Ali. Waingereza waliingiwa na wasiwasi. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ikawa na Sauti ya Mvita, na tarehe 27 Juni 1957 BBC nayo ikaanza matangazo ya Kiswahili kutoka London. Kwa hiyo lugha yetu ya Kiswahili, lugha ya madrasa na baraza za pwani, ikawa inagombaniwa na wakubwa wa dunia kabla ya sisi wenyewe kupata kituo cha kuitumia tunavyotaka.

SINEMA YA KWENYE SHUKA

Kabla ya redio kuenea, mfanyakazi wa shambani alikutana kwanza na sinema, na sinema nayo ina historia yake ambayo inatuhusu sana sisi watoto wa mashamba. Alikuwepo Mzungu mmoja, Meja L. A. Notcutt, aliyesimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1920 alipata wazo kwamba ukiwaonyesha vibarua picha, watatulia na kuridhika na kazi. Wazo hilo ndilo lililozaa mradi wa filamu uliofanyika Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Walitengeneza filamu zipatazo 35, wakazunguka nazo kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nchi za kusini.

Baadaye, mwaka 1939, Waingereza waliunda kitengo cha filamu cha makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, kwa hiyo filamu zake zilitengenezwa polepole, picha moja inakaa na kukaa. Babu aliposimulia alikuwa akicheka. Gari la sinema lilikuwa likija jioni uwanjani, linafungwa shuka jeupe, watu wanakaa kwenye nyasi mbele na wengine nyuma ya shuka wakitazama picha iliyogeuka. Kwanza mnaonyeshwa namna ya kunawa mikono na kuchimba choo, halafu wanamweka Charlie Chaplin. "Tulikuwa tunavumilia choo ili tumpate Chaplin," alisema babu. Ona akili ya watu! Aliyeleta gari alidhani anawafundisha polepole kwa sababu hawaelewi, na wao walishaelewa kwamba hiyo ndiyo kodi ya kulipa kabla ya kucheka.

Sinema ilikuwa ya usiku mmoja tu, kisha gari linaondoka. Redio ndiyo iliyobaki na watu.

MUONGO WENYEWE

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliunda idara ya utangazaji ya Kenya, yenye vituo vya mikoani: Mombasa, Nyeri, na Kisumu upande wetu wa ziwa. Mwaka 1961 idara hiyo ikageuzwa kuwa shirika, KBC ya kwanza. Mwaka 1962 ikaja televisheni. Mtambo wake wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika kama maili kumi na tano tu. Kwa hiyo televisheni ilikuwa jambo la Nairobi na wenye nyumba kubwa. Hata Mombasa ilisubiri hadi 1970 kupata kituo chake. Mchuma chai wa Kericho au Sotik katika muongo huo aliisikia televisheni kwa kusimuliwa tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba 1963 bendera ya Mwingereza ilishuka Nairobi. Tarehe 1 Julai 1964 serikali mpya ikalitaifisha shirika la utangazaji kwa sheria ya Bunge, na likaitwa Sauti ya Kenya, maarufu VOK. Waziri wa habari aliyesimamia jambo hilo alikuwa Ramogi Achieng Oneko, mmoja wa wale sita waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Jomo Kenyatta. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba taifa changa linahitaji chombo cha kuliunganisha, na kisiachwe mikononi mwa wageni. Ni hoja nzito, na mtu akikumbuka redio ilivyokuwa tangu 1928 hawezi kuipuuza. Naomba ulikumbuke jina la Oneko, tutalirudia.

Mwaka huo huo wa 1964 ndipo lilipoanzishwa shirika la KTDA kwa ajili ya wakulima wadogo wa chai. Ina maana katika mwaka mmoja mkulima mdogo wa Bomet alipata shirika la chai yake, na akapata redio inayodai kusema kwa niaba yake.

MAISHA YA LAINI NA REDIO MOJA

Wenye kukulia mashambani wanajua maana ya laini: vyumba vilivyopangana, kuta nyeusi kwa moshi, mfereji mmoja, na watu wa kila kabila. Kampuni kubwa za chai zilifika Kericho katika miaka ya 1920, na kazi ikawaleta Waluo, Waluhya na Wakisii kuungana na Wakipsigis wenyeji. Babu alisema alipofika watu walikula kwa makundi na kukaa kwa makundi. Kiswahili kilikuwa cha mnyapara na kerani: "Chuma mbili na chipukizi," "Leta kikapu," "Hii imekataliwa." Lugha ya amri.

Redio ndogo za transista zilipoanza kupatikana, mambo yakabadilika kidogo kidogo. Katika laini ya babu redio ya kwanza aliinunua fundi mmoja Mluhya. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, watu walijaa mlangoni kwake, na mwenye redio akawa mtu wa heshima kuliko mnyapara. Habari za Idhaa ya Taifa zilisomwa kwa Kiswahili, na kwa lugha za nyumbani kulikuwa na zamu za kituo cha Kisumu. Babu alikuwa na Kiswahili cha madrasa ya Mumias, kwa hiyo wenzake walimgeukia kuuliza: "Amesema nini hapo?" Akawa mfasiri wa laini nzima. Watu wakaanza kukishika Kiswahili kingine tofauti na kile cha amri, Kiswahili cha salamu, cha methali, cha kuuliza hali.

Kulikuwa na matangazo ya vifo. Hili babu hakulisimulia kwa kicheko. Mtu yuko shambani Kericho, mamake amefariki Kisii au Siaya, simu hakuna, barua ni wiki mbili. Jina likitajwa redioni laini nzima inanyamaza. Walikuwa wakichanga nauli usiku huo huo bila kuulizana kabila, kwa sababu kila mmoja alijua kesho inaweza kuwa zamu yake. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kumiliki redio maisha yake yote, alijua saa ya matangazo hayo kwa kutazama kivuli cha ukuta.

Halafu kulikuwa na Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa aliyejiunga na VOK mwaka 1964. Mwaka 1966 alianzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, ambacho kiliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Bwana huyu alifariki mwezi wa Februari 2025, na nchi nzima ilimlilia. Kipindi chake kilikuwa rahisi: anataja tabia fulani mbaya, mtu anayechungulia gazeti la mwenziwe kwenye basi au mgeni anayekuja saa ya chakula, kisha anauliza lile swali lake. Sisi tuliosoma madrasa tunalijua somo hilo, ni adabu. Lakini tazama neno lenyewe. Pwani ya zamani "muungwana" alikuwa mtu huru, aliyezaliwa nyumba ya heshima, tofauti na mtumwa. Mbotela, mtu wa ukoo unaotokana na watumwa walioachwa huru wa Frere Town, alilichukua neno hilo akaligawia nchi nzima. Mchuma chai wa Kericho naye akaambiwa kuwa anaweza kuwa muungwana, kwa tabia yake tu. Mimi naliona hilo kama moja ya mambo makubwa yaliyofanywa na redio katika muongo ule.

MWEZI WA REDIONI

Kwa Waislamu wa bara redio ilileta neema na mtihani kwa pamoja. Kabla yake, mji wenye Waislamu wachache kama Kericho ulitazama mwezi wenyewe, na wanaoijua Kericho wanajua mawingu yake. Mara nyingi hamwoni kitu, mnakamilisha thelathini. Redio ilipofika, tangazo la Kadhi Mkuu kutoka Mombasa likawa linasikika hadi kwenye kambi za chai usiku huo huo. Katika muongo huo kiti hicho kilikaliwa na Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na tangu 1968 na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, yule mfasiri wa Qur'ani aliyetoka Zanzibar.

Hapo likazuka swali la kielimu: je, habari ya mwezi iliyotoka mbali inatulazimu? Wanavyuoni wanakumbusha kisa cha Kurayb kilichopokewa na Imam Muslim. Alitoka Sham akafika Madina, akamwambia Ibn Abbas kuwa watu wa Sham wameuona mwezi usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas hakuufuata, akasema wao wa Madina watashika mwandamo wao. Wengine wakasema habari ya muadilifu mmoja inatosha popote ilipotoka. Ikhtilafu hiyo ipo hadi leo na si kazi yangu kuikata. Ninachotaka uone ni kwamba hata katika jambo la ibada, wema waliotangulia walipopata habari waliuliza: nani ameona, wapi, na inanihusu vipi? Hawakumeza tu.

TOKYO NA MEXICO

Tarehe 16 Oktoba 1964, VOK ikiwa na miezi mitatu tu, Wilson Kiprugut arap Chuma alishika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, na ilikuja na mtoto wa Kericho! Babu alisema Wakipsigis wa laini yao walitoka nje wakiimba, na wengine wakatoka kuwaangalia.

Miaka minne baadaye, Mexico 1968, mambo yakazidi. Tarehe 13 Oktoba Naftali Temu, Mkisii, alishinda mbio za mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu ya kwanza. Siku mbili baadaye Kiprugut akapata fedha katika mita 800. Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji, na Kipchoge Keino mita 1,500. Hapo, alisema babu, Mkisii alimbeba Mkipsigis mabegani na Mkipsigis akambeba Mkisii. Hakuna aliyekuwa ameona hata picha moja. Wote walikuwa wamesikia sauti tu, kwa Kiswahili, kutoka kwenye kisanduku kimoja chenye mawe manne.

Msomaji wa Kericho atanielewa kwa nini nimelisisitiza hili. Sote tunajua kilichotokea kati ya jamii hizi mbili hapa hapa mashambani mwanzoni mwa 2008.

TUSICHOSIKIA

Hadi hapa nimesimulia mazuri. Lakini mwanafunzi wa historia akisema nusu amedanganya, kwa hiyo tugeuze upande wa pili.

Redio ilipokuwa moja, waliosikika walikuwa wale walioruhusiwa na mwenye redio. Tarehe 24 Januari 1964 askari wa kambi ya Lanet karibu na Nakuru waliasi. Walikuwa wakitarajia hotuba ya Waziri Mkuu redioni itataja nyongeza ya mishahara, na haikutaja. Lile lililoachwa kusemwa liliwasha moto. Na siku kumi na mbili kabla ya hapo, Zanzibar, John Okello alikuwa ameonyesha upande mwingine: aliikamata redio, na kwa vitisho vyake hewani mapinduzi yakaingia katika kila nyumba.

Kisha kuna vita vya kaskazini. Disemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo la mpaka wa kaskazini, ambako Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Vita vikaendelea hadi 1967. Redio Mogadishu ilitangaza kwa Kiswahili kuichochea, na Sauti ya Kenya ikajibu. Katika redio yetu waliopigana waliitwa kwa neno moja: shifta, yaani majambazi. Raia waliokusanywa vijijini kwa nguvu na mifugo yao kuteketea hawakuwa na kipindi cha kujieleza. Vita vya maneno vilikuwa vikali hata makubaliano ya amani ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalitaja kwamba pande zote mbili ziache propaganda za chuki redioni na magazetini.

Babu alikuwa na rafiki Msomali mwenye duka dogo la nguo mjini. Kaskazini hakuwahi kufika. Alizaliwa huku huku, akauza shuka na vibandiko vya suruali kwa wachuma chai, na Ijumaa alisimama safu moja na babu. Lakini neno lile liliposikika kila jioni, wateja walianza kumpita. Watoto wakamwita shifta barabarani. Na babu alikiri jambo moja, alilisema mara moja tu na hakulirudia: kwa muda wa mwezi mzima naye alinunua nguo kwingine. "Nilikuwa namjua mimi mwenyewe, lakini nikaiamini redio," alisema. Mzee yule hakumuuliza kitu. Siku babu aliporudi dukani alimpimia kitambaa kama kawaida.

Nililolielewa kutoka hapo ni hili. Babu aliiamini redio kwa tangazo la mwezi kwa sababu alimjua msemaji: Kadhi, kwa jina na elimu yake. Lakini kwa habari za watu alikuwa na desturi nyingine, ambayo sisi wajukuu tuliiona kama ukaidi wa uzee. Akisikia redio inasema watu fulani ni wabaya, alikuwa akivaa kofia yake na kwenda kumwamkua mmoja wao.

Tumrudie Achieng Oneko. Mwaka 1966 alijiuzulu uwaziri akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo chama hicho kilishambuliwa na Sauti ya Kenya na hakikupewa nafasi ya kujibu. Aliyesimamia redio kuwekwa mikononi mwa serikali sasa alikuwa nje ya mlango aliousaidia kuujenga. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo kulikuwa na umwagaji damu Kisumu, mwendo wa kama kilomita themanini kutoka Kericho, Rais alipofungua hospitali mpya na polisi wakafyatulia umati risasi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, na Oneko akatiwa kizuizini, hadi 1975. Waluo wa laini walipata habari za ndugu zao kwa watu waliotoka Kisumu kwa miguu na kwa basi. Jioni walikaa mbele ya redio ile ile iliyowapa furaha ya Mexico mwaka mmoja tu kabla, wakangoja itaje kilio chao. Babu alisema tangu mwaka ule baadhi yao hawakuja tena mlangoni kwa fundi saa ya habari.

FUNZO KWETU

Muongo huo uliacha mambo mawili, na hayatenganishwi. Uliwapa watu wa makabila mengi lugha moja ya kulia na kufurahi pamoja. Na ulizoesha nchi sauti moja isiyoulizwa. Nguvu ya sauti hiyo ilionekana tena tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi walipomchukua Mambo Mbotela na kumlazimisha kutangaza kuwa serikali imepinduliwa. Sauti ya Kenya ikarudi kuitwa KBC mwaka 1989, mwaka 1990 ikaja televisheni ya kwanza ya binafsi, KTN, na kuanzia mwaka 2000 zikafuata redio za lugha za mama. Kila jamii ikapata kipaza sauti chake. Kwa upande wa pili lilikuwa jambo la haki, mkulima mzee wa Bomet asikie habari kwa lugha ya mamake. Lakini ule mlango wa fundi ambako Mkisii na Mkipsigis walikaa benchi moja ukafungwa. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ilizigusia baadhi ya redio hizo katika ripoti yake ya 2008. Na leo kila mmoja wetu ana kituo mfukoni.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba zamani kulikuwa kuzuri, wala kwamba sasa tumekombolewa. Hatari ya sauti moja ilikuwa kunyamaziwa. Hatari ya sauti elfu ni kila mtu kusikia za kwao tu. Dawa ya zote mbili Mwenyezi Mungu ameshatupa katika Suratul Hujurat, aya ya sita, anapotuamrisha tukijiwa na habari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Babu aliyajua majuto hayo. Yalikuwa na jina la mtu na mlango wa duka.

Vijana wenzangu wa Kericho, Bomet, Litein na Sotik, wazee waliosikiliza redio za muongo ule wanatuacha mmoja mmoja. Ramadhani hii, baada ya tarawehe, mkalie mzee mmoja, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, umuulize alisikia nini mwaka 1963, 1968, 1969. Andika kwenye daftari. Kisha muulize swali la pili, ambalo ndilo gumu: ni nini kilitokea karibu nawe ambacho redio haikukisema? Historia ya mashamba haya iko zaidi katika jibu la hilo swali la pili.

Mimi mwaka huu nimenunua mawe mapya. Tarehe 29 inshaallah nitaketi mlangoni.

Wabillahi tawfiq.